Dua na Dudu

Wimbo wenyewe ni mfupi. Mama aliutunga kabla mimi sijazaliwa, kwa harusi ya mdogo wake, na tangu hapo hakuna msichana wa nyumba yetu pale Majengo, Mombasa, aliyeolewa bila kuimbiwa. Una beti tano. Mmoja anaanza:

Kanga nimekukunjia, ndani nimeweka dua

Na wengine wanaitikia:

Dua na ikufuate, mlango hatujafunga

Utamu wake uko kwenye neno la katikati. Anayeanza anamalizia na "dua", anayeitikia anaanza na "dua", lakini neno hilo halisemwi mara mbili. Linasemwa mara moja, na watu wawili. Mama alitufunza, mimi na dada yangu, tukiwa tumekaa sakafuni naye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Alituambia tusingoje amalize. Tumtazame, akivuta pumzi nasi tuvute. Mmoja wetu akiwahi au akichelewa, zilitoka dua mbili zilizogongana, "du-dua", naye Mama aliacha kukuna, akauliza taratibu, "Nani katia dudu kwenye kanga?"

Niliitikia wimbo huo kwenye harusi za wanawake mpaka sauti yangu ilipovunjika, nikatolewa nje nikakae na wanaume. Dada aliendelea. Mama alipofariki, tuliofunzwa naye mwenyewe tulibaki wawili tu, na kati yetu sisi wawili kuna safari ya ndege ya usiku kucha.

Mimi naishi Hayes, magharibi ya London, kwenye nyumba ya watu watano ambao nawajua kwa milango yao. Yupo wa mlango unaolia, yupo wa mlango unaobamizwa. Tunasalimiana jikoni, kila mtu na rafu yake kwenye friji. Nafanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, zamu ya asubuhi, na saa nane mchana huwa nimesharudi. Saa zinazobaki ni ndefu. Ndiyo sababu nilinunua kipaza sauti cha bei nafuu na kujifunza, peke yangu, kupanga sauti kwenye kompyuta. Wengine hufuga paka.

Dada aliponiambia binti yake anaolewa, mwanawe huyo mmoja tu, nilimpongeza bila kusema nitakuja, kwa sababu ghala lilikuwa limezuia likizo za msimu ule na nilijua sitakwenda. Naye alijua. Hakulitaja hilo. Aliniuliza kama ile mitambo yangu yaweza kutuimbisha pamoja, yeye kule na mimi huku, ili siku ya kumpamba bibi harusi wimbo wa Mama upigwe kwenye spika.

"Spika haina macho," alisema. "Hakuna atakayekufukuza kwa wanawake mara hii."

Nikamwambia yawezekana, na ni rahisi. Nilimtumia mdundo wa kigoma nilioupiga mwenyewe, wenye hesabu nne za mwanzo. Ausikilize kwa hedifoni kwenye simu moja, aimbe mbele ya simu ya binti yake inayorekodi, kisha anitumie. Ili nijue mahali pa kumpanga, nilimwomba kwenye hesabu ya nne apige kofi moja.

Akauliza, "Nimpige nani?"

Nilikuwa nimesahau. Miaka mingi ya kusoma maelekezo ya mitambo kwa Kiingereza ilinisahaulisha kwamba kwetu mtu hupiga makofi, na akipiga kofi moja, basi kuna shavu la mtu. Alicheka mpaka akakohoa. Nilimsikia akimwita bintiye asogee, mjomba ameagiza azabwe. Ilikuwa siku njema ile. Simu ilipokatika nilibaki nimeketi kitandani nikitabasamu, na nyumba nzima iko kimya.

Sauti yake ilifika kesho yake. Kofi lilikuwepo, kali, limekaa sawa. Kwenye skrini kila sauti ina mstari wake, na kofi huonekana kama mwiba mmoja mrefu. Niliuvuta mwiba ule mpaka ukasimama juu ya pigo la nne la kigoma. Nikazima simu, nikajifungia ndani ya kabati la nguo na mablanketi mawili, nikangoja ndege ipite, nikaitikia. Hayes ndege hupita kila baada ya dakika chache, kwa hiyo beti tano nilizirekodi vipande vipande, kati ya ndege na ndege.

Nilipomaliza nikasafisha sauti yake. Alikuwa amerekodi sebuleni, na nyuma yake kulikuwa na kila kitu: feni, kuku wa jirani, bomba, mtu akikuna nazi. Zipo programu ndogo, sisi tunaziita plagini, unazobandika juu ya mstari wa sauti ili zifanye kazi moja, na mimi nilibandika ile inayoondoa kelele. Feni ikapotea, na kuku naye. Alibaki dada peke yake, safi kabisa, kama anaimba mahali pasipo na mtu. Niliridhika nayo sana.

Kisha nikatusikiliza sote wawili.

"...ndani nimeweka du-dua..."

Nikarudia. Ubeti wa pili, wa tatu, vilevile. Mimi nilikuwa juu ya mdundo, yeye nyuma yake, kwa muda mdogo usiofika hata robo ya sekunde, lakini neno lile halina nafasi ya robo ya sekunde. Nikatazama skrini, kofi lake lilikuwa palepale nilipoliweka. Kama kofi limekaa sawa na uimbaji unachelewa, nilijiambia, basi anayechelewa ni mwimbaji.

Nilimpigia nikamwambia kwa upole kwamba anaingia nyuma kidogo, ajaribu tena. Akajaribu. Akachelewa tena. Nikamwambia asisikilize sana kigoma, akitangulie. Akatuma mara ya tatu, na ya nne, kila moja afadhali kidogo lakini na dudu lake ndani. Nami nitasema kweli, sikuwa na haraka. Kila jaribio lilikuwa simu mbili, moja ya kumweleza na moja ya kumweleza tena, na jioni zile nilikula chakula changu sauti yake ikizunguka kwenye spika, ubeti uleule, kana kwamba yuko jikoni. Kwa majuma mawili sikula peke yangu. Sikujiuliza yeye alikuwa akila na nani, mwanamke mwenye harusi ya kuandaa, anayeambiwa kila siku na mdogo wake kwamba wimbo wa mama yake unamshinda.

Mara ya tano alituma asubuhi, nami nikaisikiliza baada ya kazi, nimechoka. Bado alichelewa. Nikampigia nikamwambia neno ambalo mpaka leo likinijia natafuta kitu cha kushika. Nilimwambia labda ni umri, kwamba sikio huanza kuchelewa bila mtu kujua, na kama ni hivyo si aibu, binti yake aimbe badala yake.

Nilisikia feni.

"Wewe wanambia mimi nachelewa?" alisema. Hakupandisha sauti. "Katika nyumba hii aliyechelewa si mimi."

Akakata.

Sikuhitaji kufafanuliwa. Mama alifariki alfajiri, na kwetu maiti halazwi. Nilipata habari nikiwa kwenye zamu, nikapata ndege ya kesho yake, na nilipofika kaburi lilikuwa na siku mbili. Hakuna aliyenilaumu. Walinipokea, wakanilisha, wakanionyesha mahali. Dada ndiye aliyemwosha, na ndiye aliyenieleza kila kitu mpaka nikahisi kama nilikuwepo. Miaka yote hiyo hakulisema neno lile, na hata siku ile asingelisema kama mimi sikuanza.

Nilimpigia tena asubuhi na jioni, hakupokea. Binti yake aliniandikia kwa adabu kwamba mama ana shughuli nyingi, na kwamba wanafikiri wimbo wauache tu, watapiga nyimbo nyingine. Zilikuwa zimebaki siku nane harusi ifike.

Nyumba ya Hayes ilirudi kuwa milango. Nilikula nimesimama. Kompyuta sikuifungua. Ilikaa mezani na taa yake ndogo, nami nikaifunika kwa taulo.

Kazini, kazi yangu nyingine ni kuwafunza wageni. Hii nimepewa kwa sababu naweza kueleza jambo moja mara kumi bila kununa, na kusema kweli napenda kuona uso wa mtu pale jambo linapomwingia. Juma lile niliwekewa mzee mmoja Mkongomani, mtu wa Bukavu, amekuja ghalani kutoka kazi ya usafi. Tunatumia skana, unaielekeza kwenye alama ya boksi, inalia, unaweka boksi kwenye toroli. Yake ilikuwa ikihesabu maboksi mara mbili. Asubuhi nzima toroli lake lilikuwa na makosa, na mkuu wa zamu alikuwa ameshapita mara mbili akilitazama kwa namna yake.

"Kaka," aliniambia, "ni mimi njo niko nakosa?"

Nilisimama pembeni nikamtazama anavyofanya. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi. Alielekeza, akabonyeza, akangoja mlio. Mlio haukuja. Akabonyeza tena, na hapo ndipo ikalia, mara mbili, moja ya kwanza na moja ya pili. Nikachukua skana yangu nikampa, nikachukua yake. Boksi lake la kwanza kwa skana yangu, ikalia palepale. La pili, palepale. Akaniangalia.

"Si wewe, mzee," nilimwambia. "Mashine yako inachelewa kukujibu, nawe unadhani haijakusikia. Mashine ikikutia makosani usianze kujilaumu. Anza na mashine."

Alishusha mabega. Nilikuwa nimewaambia maneno hayo watu wengi, kwa sauti hiyohiyo ya upole, na kila mara najisikia mtu mwema. Safari hii nilibaki nimeshika skana mbovu, boksi likapita mbele yangu, na la pili, na mzee ndiye aliyenigusa mkono akaniuliza kama niko sawa.

Nilirudi nyumbani nikaondoa taulo.

Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu huenda nawe unayesoma una kompyuta yako mahali fulani na sauti ya mtu inayochelewa, na ningependa ujue kwamba si jambo gumu. Anza na kitu usichoweza kubishana nacho. Mimi nilikuwa na kofi. Nilinyamazisha kila kitu, nikaacha pigo la nne la kigoma na kofi la dada, nikafumba macho nisione skrini. Nilisikia pigo, kisha kofi. Nikafumbua macho. Kwenye skrini vilikuwa kitu kimoja, mwiba juu ya mwiba. Jicho linasema wamefika pamoja, sikio linasema mmoja amechelewa. Hapo hakuna mwimbaji wa kulaumu tena. Aliyemchelewesha yuko kati ya mstari na spika.

Nikazima ile plagini ya kelele. Pigo na kofi vikalia kwa pamoja, mlio mmoja.

Plagini ile hufanya kazi kama mtu anayechambua mchele. Hawezi kumpa mpishi kila punje papo hapo, lazima kwanza autandaze kwenye sinia, autazame, atoe mawe, ndipo atoe. Basi huzuia sauti kidogo kabla ya kuiachia. Kwa kawaida programu kubwa ya kurekodi yajua hilo, na huwaambia wengine wote wangoje, kigoma kingoje, mimi ningoje, ili tutoke sote pamoja. Lakini kuna kitufe kinachofuta kungojana huko. Unakibonyeza unaporekodi, ili ujisikie bila kuchelewa. Mimi nilikibonyeza siku ile nilipoingia kabatini, na sikukirudisha. Majuma mawili dada aliwekwa nyuma ya sinia, na sote tuliobaki hatukumngoja.

Nilikitafuta kitufe kile nikakikuta kinawaka, rangi ya machungwa, mbele ya macho yangu, mahali ambapo kilikuwa siku zote.

Kisha nikasikiliza rekodi zake tano, moja baada ya nyingine. Ya tano, ya nne, ya tatu, zote alikuwa anawahi. Alikuwa anakimbia. Ningeweza kumsikia akijilazimisha, pumzi imekatwa, neno limesukumwa, kwa sababu mtu wa mitambo alimwambia atangulie. Ya kwanza, ile aliyoituma akiwa bado anacheka habari ya kofi, ilikuwa sawasawa. Alivuta pumzi baada ya "nimeweka", nami kwenye mstari wangu, ndani ya kabati, bila kujua nilikuwa nimeivuta palepale. Neno likatoka moja.

Sikuirudisha plagini. Ningeweza, kitufe kikiwa mahali pake isingemchelewesha tena. Lakini ilipozimwa, sebule yote ilikuwa imerudi. Feni ilirudi, na kuku, na yule aliyekuwa anakuna nazi nyuma, kwa mwendo wake mwenyewe usiofuata kigoma changu. Na mwishoni kabisa kulikuwa na kitu ambacho plagini ilikuwa imekimeza. Baada ya ubeti wa tano, dada anasema kwa sauti ndogo, si kwangu, labda kwa binti yake, labda kwa simu, "Haya, hakuna dudu." Nilikaa na maneno hayo mawili matatu mpaka ndege nyingi zikapita.

Sikumpigia, nilijua hatapokea. Nilimtumia ujumbe wa sauti, nikaurekodi mara tatu, kila mara najikuta naeleza habari za vitufe. Ule wa nne ulikuwa mfupi. Nilimwambia hakuchelewa hata mara moja, mashine yangu ndiyo ilimchelewesha, na mimi niliyeishika sikuiangalia. Nikamwambia lile la umri anisamehe. Nikamwambia pia kwamba ni kweli, nilichelewa kwa Mama, na kwamba kila nikimsikia akiimba nahisi nipo karibu na kufika. Nikaambatanisha wimbo.

Siku nzima haikuja alama ya kusikiliza. Nilikwenda kazini, nikarudi. Yule mzee wa Bukavu alinipa ndizi mbili akasema nile, uso wangu haumpendezi. Nilikuwa navua viatu mlangoni simu ilipolia.

Hakunisalimu. "Na yule kuku umemwacha?"

"Nimemwacha, dada."

"Na nazi?"

"Na nazi."

Nyuma yake watu walikuwa wakihamisha viti. Aliniambia ameusikiliza mara mbili peke yake, kisha akampa bintiye, na binti alilia, na kumliza bibi harusi kabla ya siku ni makosa yangu mengine. Lile la Mama hakuligusa. Tulikuwa tumekaribia kuagana aliposema, "Lile kofi la mwanzo, nilikuuliza nimpige nani. Sasa najua lilikuwa la nani."

"Halijafika bado," nilimwambia. "Hata huku vitu huchelewa."

"Litafika," akasema. Nikamsikia anatabasamu. Mtu akitabasamu sauti yake hupanuka kidogo, ukikaa na sauti za watu utalitambua.

Siku ya kupamba nilikuwa ghalani. Sikuomba ruhusa ya kwenda nje kupiga simu. Nilisukuma toroli, na kila nikitazama saa ya ukutani nilijumlisha tofauti ya saa za kwetu. Sasa wanafika, sasa wanakaa. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Nilipasha chakula, nikakiweka mezani, safari hii na sahani, nikaketi.

Video ililetwa na binti yake. Chumba kimejaa wanawake, spika moja iko juu ya kiti cha plastiki. Kigoma kinahesabu nne, kofi linalia, na wanawake wanashtuka, wanacheka. Kisha sauti ya dada inaanza kwenye spika. Dada mwenyewe yuko pale, amesimama nyuma ya bintiye, nami nilidhani atanyamaza asikilize. Hakuweza. Alianza kuimba naye, juu ya sauti yake mwenyewe, mkono mmoja begani kwa mtoto. Ilipofika dua, chumba kizima kiliitikia. Nilijitafuta kwenye spika, sikujisikia. Nilikuwa ndani mle pamoja nao.

Niliirudia mara nyingi, chakula kikapoa. Mara ya tatu au ya nne nikasikia kitu ambacho mtu mwingine asingekisikia. Dada aliyesimama alikuwa nyuma kidogo ya dada wa kwenye spika. Kidogo sana. Labda machozi, labda mwangwi wa chumba, labda alikuwa anajisikiliza. Ubeti wa nne ulikuwa na dudu.

Jioni alipiga akaniuliza, "Ehe, fundi? Tuliimbaje?"

Nikamwambia hakuchelewa hata mara moja.